Turubai Tuliloligawa kwa Kisu

Mimi husema mambo wazi, kwa hiyo hata hili nitalisema wazi.

Tuliuza omena, dagaa wa ziwani, pamoja miaka mingi, mimi na mwenzangu. Yeye alinunua Rusinga na kuuza Rodi Kopany, mimi nikapeleka magunia Migori. Mwaka jana magoti yakanikataa. Nikamwambia tuvunje biashara, tugawane nusu kwa nusu. Akasema sawa.

Tukaketi sokoni chini ya turubai letu, na mama mzee wa chama chetu cha akiba akawa shahidi. Tukagawa magunia, gorogoro za kupimia, hata kamba. Muuza nyanya wa jirani akatucheka: "Gaweni na nzi pia, msije mkapelekana kwa chifu!"

Mimi sikucheka. Magunia mawili ya msimu wa mvua hayakuonekana, wala pesa yake. Nikauliza. Mwenzangu akainama, akawa anafunga gunia ambalo lilikuwa limeshafungwa.

"Nyamera, dada yangu, hayo achana nayo. Yatoe kwa fungu langu."

"Sema yalienda wapi. Ama uliyala?" Nilipaza sauti makusudi, watu wasikie.

Aliyejibu ni mama mzee, tena polepole. "Uliyala wewe. Wewe na wageni wako. Unafikiri matanga ya mzee wako yalilishwa na nani?"

Kwetu mjane hukaa karibu na maiti. Haingii jikoni, haulizi sufuria imejazwa na nani. Nilikula nilicholetewa. Omena ile naikumbuka. Nilisema ina chumvi nyingi.

Muuza nyanya akaanza kupanga nyanya zake upya, bila kututazama.

"Basi yatolewe kwa fungu langu," nikasema.

Mwenzangu akakataa. "Kitu cha matanga hakirudishwi. Unataka kuniletea kifo nyumbani?"

"Chukua turubai lote, basi."

"Hapana, nyamera. Ni wewe ulisema nusu kwa nusu."

Akashika upande mmoja, mimi nikashika mwingine, mama mzee akapitisha kisu katikati.

Sasa mvua ikinyesha Rodi, mwenzangu hufunika omena hadi turubai linapoishia, na iliyobaki inalowa. Nimemwona kwa macho yangu. Nusu yangu iko chini ya kitanda, imekunjwa, na sina kitu cha kufunika. Siku moja nilimpelekea. Akanikaribisha, akanipa chai, na nilipoondoka akaniwekea turubai langu mkononi.