Siku Baba Alipoangushwa

Jana mjukuu alinipaka magoti mafuta ya mbarika, na ile harufu ikanirudisha kijiji cha Emajensi, kile mkoloni alichotuzungushia mtaro tusitoke bila kibali. Wanaume walijipaka mafuta hayo kabla ya mieleka, mpinzani akose pa kushika. Siku hizi eti ni ya nywele, haya, tuyaache.

Baba hakuwa amewahi kuangushwa na mtu yeyote. Jumapili moja aliitwa apigane na mkubwa wa homgadi waliomlindia mkoloni kijiji, mtu mnene wa kupumulia mdomo, na sisi wote tukaamriwa kutazama. Baba alianguka hata kabla hajashikwa vizuri. Mimi nikapiga kelele, "Baba ni mwoga!"

Homgadi wakacheka. "Hata binti yake amemjua!"

Mama alinifinya. "Nyamaza! Ameanguka ili mdogo wako mgonjwa apewe kibali cha kupelekwa hospitali."

Kibali kilikuja siku ya tatu. Mdogo wangu tulikuwa tumemzika siku ya pili.

Wajukuu wakitazama mieleka kwenye televisheni huniambia, "Cucu, usiogope, hao wamepatana nani ataanguka."

Nawaambia wazime.