Tuonyeshe Ulichokiona

Naikumbuka Bonane moja kule Uvira, mwanangu, nikiwa na miaka kumi na minne na kichwa kigumu kuliko cha leo. Bonane kwetu Kongo ndiyo sikukuu ya mwaka mpya. Asubuhi tulisali, mchana watoto tulipita nyumba kwa nyumba kusalimia na kupewa biskuti, jioni ukoo mzima ulikutana uani kwa koko, bibi yangu mzaa baba. Pale mtoto hakula kabla hajatoa mchezo wake: huyu ataimba, yule atacheza. Kazi yangu mimi ilikuwa kumwitikia koko wimbo wa kufungua sherehe.

Mwaka ule kibanda cha video kilifunguliwa sokoni, na kipya kinyemi ingawa kidonda. Nikatoroka. Nilikaa kwenye benchi nikitazama watu wakirushiana mateke mpaka jua likatua, huku koko anaimba hana wa kumwitikia.

Niliporudi nilijua fimbo inaningoja. Wapi! Koko alinisimamisha katikati ya ua, sahani yangu ya wali na mbuzi iko mkononi mwake.

“Kupenda kipya si kosa,” akasema. “Kosa lako umekila peke yako, na kizuri kula na mwenzio. Haya, tuonyeshe ulichokiona.”

Aibu niliyoipata, acha tu. Nilianza kwa sauti ya mbu. Lakini yalipofika mateke nikajisahau: nikawa shujaa, nikawa adui, nikawa mama mzee anayelia, nikaangukia sufuria. Koko alicheka hadi kilemba kikamdondoka. Tangu hapo kila Bonane nilidaiwa filamu ya mwaka. Kwa hiyo ukiwasikia wajukuu zangu wakisema mchezo huu tumeurithi kwa mababu, nyamaza. Tumeurithi kwa utoro wangu.

Tukaja nao hapa Sydney. Mtaani kwetu Penrith, Bonane huja na joto la kuvua viatu, mbuzi tunamchoma uani, na kijana wangu Baraka hufika kutoka ghalani anakofanya kazi, Wetherill Park, bado amevaa fulana yake ya kung'aa. Biskuti za nyumba kwa nyumba zilikufa, maana majirani wangetushangaa. Wimbo wa koko nikawa nauimba peke yangu, kwani watoto hapa Kiswahili wanakielewa lakini wanajibu kwa Kiingereza. Ikabaki filamu tu, na magoti yangu hayarushi mateke tena.

Bonane hii iliyopita Neema, binti wa Baraka, miaka kumi na mitano, alijifungia chumbani na simu yake. Nikapandwa na hasira. Nilifika mlangoni tayari kumwambia simu hiyo naitupa kwenye makaa. Lakini sikufichi, chini ya hasira kulikuwa na hofu: mtoto huyu asipotoka, mchezo wetu unaishia kwangu. Ndipo nikamkumbuka koko na ile sahani. Nikagonga polepole, nikamwomba atuonyeshe anachokitazama.

Alifungua. Akasema kwa Kiingereza kwamba tutamcheka. Nikamjibu hiyo ndiyo kazi yetu.

Alianza kwa Kiingereza vilevile. Akawaona mashangazi waliotoka Lidcombe kwa treni wanatazamana tu, hawaelewi, akageukia Kiswahili, kinachechemea lakini kinakwenda. Ilikuwa hadithi ya msichana na joka, na joka hakuwa nalo. Akanishika mkono mimi, koko wake.

“Koko, wewe ndiyo joka.”

Niliunguruma, mwanangu! Niliuawa vizuri sana, nikaketi, na kwa mazoea nikauanza wimbo wa koko. Sauti moja ikaitikia, maneno yote, hakuna lililopotea. Alikuwa Neema. Miaka yote nikidhani naimba peke yangu, kumbe alikuwa anashika. Nilijivuna siku ile mpaka mashangazi wakanitania kwamba joka limevimba.

Basi nikuase. Sikukuu za wanao hazitafanana na zako, usizililie. Kipya kikiingia nyumbani usikifungie mlango, kilete uani kila mtu akione. Na wimbo wako uimbe hata kama huoni anayeitikia. Mcheza kwao hutunzwa, na kwetu sasa ni popote tunapongojana kula. Mungu aujaze ua wako watu kila mwaka unapogeuka, akupe wa kukucheka, na siku sauti yako itakapochoka, akupe wa kukuitikia.