Mti wa Avoka wa Mzee Kalisa

Juzi mwanangu alirudi kutoka shule, akatupa mfuko wake mlangoni. "Maman, nimekufa na njaa!" Nilimfokea mpaka akanishangaa.

Nilipokuwa mtoto, baada ya vita, watu wa kwetu Mururu, mpakani na Congo, walikufa kila siku kwa maneno tu: na baridi, na kazi, hata na kicheko. Jirani yetu Mzee Kalisa, aliyerudi peke yake kutoka Congo, alipitia kwetu kila asubuhi kunywa uji. Mama akimwuliza ameamkaje, alijibu, "Mimi nilishakufaka zamani, munangoja tu kunizika." Tulicheka wote, naye akicheka.

Mchana mmoja nilisikia mashoka. Wanaume walikuwa wakiangusha mti wake wa avoka, uliojaa matunda. Waling'oa hata mizizi, wakauchoma palepale. Moshi wa majani mabichi uliniwasha macho. Kando yake palilazwa mtu amefunikwa shuka, na hakuna aliyelia. Nilidhani mti ulimwangukia, ndiyo maana wanauadhibu.

"Maman, mti ulifanya nini?" nilimwuliza mama.

"Nyamaza, mutoto."

Leo najua Mzee Kalisa alijinyonga kwenye mti ule. Mtu wa namna hiyo hakuliliwa kwetu, na mti wake haukuachwa usimame.

Kesho yake mama alipika uji, akamimina hata kwenye kikombe cha Mzee, akakitazama. Jirani mwingine akapita njiani, akamsalimu.

"Maman, umeamkaje?"

"Nimekufa na usingizi," mama akajibu, kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili.