Ndoo ya Mzee Sekunde

Miaka ishirini na saba, kila siku ya Mungu, Mzee Sekunde alishuka ngazi mia moja na kumi na mbili ndani ya ukuta wa bwawa. Huko chini, maji yaliyopenya yalitokea kwenye bomba moja. Yeye alikinga ndoo ya lita kumi, akabonyeza saa, akaandika imejaa kwa sekunde ngapi. Basi. Wavuvi walimtania kwamba hata mkewe akimwita kula, humjibu kwa sekunde.

Lakini usimdharau. Wakubwa walijua afya ya ukuta ule kwa daftari lake tu.

Mafundi wa ukarabati walipofika, injinia wao, mwanamke mpole mwenye sauti ya ukali, aliwaita wavuvi wote. "Daftari linasema uvujaji ni uleule wa zamani," akawaambia. "Tutashusha ziwa nusu tu. Samaki watabaki." Jamani, vigelegele! Mke wa Mzee Sekunde, aliyelea watoto watatu kwa samaki wa kukausha, alimkumbatia mumewe mbele za watu.

Kesho yake injinia akampa Mzee Sekunde ndoo mpya ya lita kumi, yenye mistari ya vipimo. Akashuka nayo. Ikajaa kwa sekunde kumi na mbili. Ya jana ilijaa kwa ishirini! Akadhani saa imeharibika. Akarudia, kumi na mbili. Akaichukua ndoo yake ya siku zote, akaijaza, akamimina kwenye ile mpya. Maji yakafurika, yakamlowesha viatu.

Hapo ndipo alipokumbuka. Mwaka jana ndoo ya kazini ilipasuka, naye akaazima ya mkewe ya kubebea samaki. "Nitairudisha," alimwambia. Kabla ya hapo sekunde zilikuwa zikipungua, kumi na sita, kumi na tatu, maana uvujaji ulikuwa ukiongezeka. Zilipopanda tena hadi ishirini, mzee wa watu akafurahi, akadhani ukuta umejiziba wenyewe. Eti umejiziba!

Alipanda ngazi zote bila kupumzika, akaenda moja kwa moja kwenye vichanja vya mkewe vya kuanikia samaki. Akamweleza. Mkewe akamweka chini samaki aliyemshika.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza, baba watoto. Nakuomba. Wakilikausha ziwa, sisi tumekwisha."

"Na mwanao aliyeolewa kule bondeni? Ukuta ukiachia, maji yanaanzia kwake."

"Najua anakaa wapi! Mimi ndiye niliyemzaa!" Akajifunika uso kwa kanga, akalia.

Mzee Sekunde alimwambia injinia mchana uleule. Injinia hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Milango yote ya maji ikafunguliwa. Wiki ya tatu ziwa lilikuwa tope tupu, samaki wakitapatapa, mitumbwi imelala ubavu. Wavuvi walimpita kama hawamwoni. Hakuna aliyemtania tena, na Mungu wangu, jinsi alivyoutamani ule utani!

Asubuhi moja mkewe, ambaye hakuwa amemsemesha tangu milango ifunguliwe, alimfuata hadi kwenye ngazi za bwawa, miguu imejaa tope mpaka magotini.

"Nipe ndoo yangu," alisema. "Nikaokote waliobaki."

Akampa kwa mikono miwili.

"Ulisema utairudisha," mkewe akasema, akateremka kwenye tope.