Nilitafuta Kitabu Chenye Hakuna Mtu Anakufa

Wakuu, niaje.

Haya yalinitokea kweli, ila maneno ya watu nimeyatoa kichwani, naweza kuwa nimekosea hapa na pale. Shule niliachia darasa la saba, mnivumilie.

Miaka ya tisini tulikuwa tunakaa Kambi Muru, Kibera, mimi na bibi yangu Akinyi. Mtoto wetu wa kwanza akafa akiwa na wiki chache tu.

Akinyi akanyamaza. Anapika, anafua, haongei.

Watu wa kanisa wakaleta vijitabu. Kila kijitabu, mtu anakufa ukurasa wa pili, wa tatu yuko motoni. Walikuwa na nia nzuri, hiyo siwezi kuwanyima. Lakini niliwashia jiko navyo.

Akinyi zamani alipenda hadithi za watu wa kawaida kama sisi. Nikatembea hadi Kawangware kwa Kamaa, mzee aliyeuza vitabu vya mtumba juu ya gunia. Nikamwambia nataka hadithi ya maisha tu, isiwe na kifo.

Akafikiria sana, akanipa cha kufuga kuku.

"Hapa hakuna mtu anakufa, buda. Ni kuku tu."

Nikamwambia tumezika mtoto. Akaacha mzaha. Akanipa kile alichokuwa anasoma mwenyewe, jalada limetoka, hadithi ya mwanamke na shosho yake, yaani nyanya yake, wanafungua kibanda cha chai.

"Sijamaliza," akasema, "lakini mpaka katikati wote wako hai."

Akinyi hakutaka kukishika. Nikawa namsomea jioni nikitoka kibarua, pole pole kama mtoto wa nursery. Siku moja akacheka, shosho akimtukana mteja.

Halafu, kupita katikati, shosho akafa.

Nilimlaani Kamaa kimoyomoyo, na haikuwa haki, si alisema hajamaliza. Nikaruka mazishi. Nikaanza kutunga: shosho amesonga ugali, shosho ameenda choo.

"Shosho ako wapi?" Akinyi akauliza.

"Si ako choo."

"Tangu juzi?"

Nikajifanya natafuta ukurasa.

"Kufa najua," akasema, wala hakukasirika. "Nataka kujua wenye walibaki walifanya nini."

Nikarudi nyuma, nikasoma yote. Akalia. Na mimi pia, msinicheke. Kisha akaninyang'anya kitabu, akaendelea mwenyewe kwa sauti.

Baada ya matanga yule mwanamke anafungua kibanda, kwa sababu maziwa yameletwa na yataharibika. Ni hivyo tu, hakuna muujiza.

Akinyi akasoma hapo mara mbili. Halafu akaniambia nisonge, nimekaa kama gunia la makaa, namzibia taa.

Alikuwa hajanigombeza tangu tuzike. Wakuu, nilisonga nikitabasamu.

Nilichojifunza, kama nilijifunza: mwenye amefiwa usimfiche kifo. Mtafutie hadithi yenye watu wanaamka kesho yake. Lakini kila mtu na moyo wake, labda kwako haitafanya kazi.

Nyinyi mkiwa pabaya mlisoma nini? Semeni hapa chini, hata wewe mwenye unaona hadithi ni kupoteza wakati, nitakusikiza.