Usimtafute Msuluhishi wa Kukubeba

Nakumbuka alasiri moja ya vumbi hapa Voi, mwanangu Wakesho, enzi ambazo honi ya treni ndiyo iliyokuwa saa yetu. Nimezunguka sana tangu hapo. Nimeuza viatu Mombasa, nimelala Namanga, nimeendesha lori hadi Juba, na mama yako bado hunicheka kwamba kaka yake ana miguu isiyojua kukaa. Lakini kila ninaposhuka Voi na kuona jinsi stesheni ya zamani ilivyonyamaza, moyo wangu hurudi kwenye alasiri ile.

Juzi ulinirudisha tena kwa ule ujumbe wako wa sauti. Klabu yako huko ng'ambo inakuzuia kuhama, inadai umevunja mkataba. Kesi haiendi mahakamani, inakwenda kwa baraza la kimataifa la usuluhishi wa michezo. Wewe unachagua msuluhishi mmoja, klabu inachagua wake, na wa tatu anakaa katikati. Mpaka waamue, huchezi. Ukaniambia, "Mjomba, wewe umezunguka, unajua watu. Orodha ya majina ninayo. Niambie nani humu ni mtu wetu, atakayenipigania."

Kabla sijakujibu, nisikilize kidogo.

Nilikuwa kipa wa timu yetu ya mtaa. Kwenye nusu fainali ya wilaya tuliwafunga vijana wa Mboghoni, na bao lilitoka kwa Mwakio, straika wetu, mtoto mpole wa kutoka milimani. Kumbe likizo iliyotangulia Mwakio alikuwa kwa shangazi yake Mboghoni akimsaidia shambani, na aliichezea timu ya huko mechi moja. Sheria ilisema mtu hachezei timu mbili kwenye mashindano yaleyale. Mboghoni wakataka timu yetu iondolewe na Mwakio afungiwe miaka miwili. Sisi tukasema ile ilikuwa mechi ya kirafiki. Kamati ya mashindano ikachoka na kelele zetu, ikasema kila upande ulete mtu wake mmoja, na hao wawili watafute wa tatu.

Mboghoni walimleta mkulima mmoja wa ndizi. Sisi tukamchagua Mzee Ojwang', mstaafu aliyefanya kazi ya ishara za treni hapa stesheni. Alikuwa jirani yetu na hakukosa mechi hata moja. Wa tatu akawa mwalimu mstaafu wa Mwatate.

Mwamba ngoma huvutia kwake. Alasiri ile ya vumbi, siku moja kabla ya kikao, mimi na nahodha wetu Mwadime tukaenda kwa Mzee Ojwang' tukapiga hodi langoni.

"Nani?"

"Ni vijana wako, Mzee. Wa timu."

"Mmekuja na wale wa Mboghoni?"

"Aah, Mzee, wa nini? Tumekuja tukupange kidogo."

"Basi rudini. Mimi si vyombo nipangwe."

Mwadime akang'ang'ania. "Lakini Mzee, wewe si mtu wetu?"

"Mlinichagua nisikilize. Mkitaka wa kupiga kelele, wewe Mwadime si upo?"

Mkewe akacheka ndani. "Baba, wape hata chai!"

"Chai watakunywa kesi ikiisha."

Tukarudi kichwa chini. Tukajipa moyo kwamba mzee anaigiza tu, damu yake ni ya Voi.

Kikao kilifanyika darasani huko Mwatate. Mzee Ojwang' ndiye aliyeanza kuuliza, na wa kwanza kuulizwa ni Mwakio.

"Kijana, ile mechi ilikuwa ya kirafiki?"

"Ndiyo, Mzee."

"Refa alitoka wapi?"

Mwakio akatazama viatu vyake. "Alitumwa na kamati."

"Kamati hutuma refa kwa mechi ya kirafiki?"

Nyuma yangu mmoja wetu akanong'ona, "Huyu kweli tumemleta sisi?" Mwakio akakiri, machozi yakimlenga. Alijua mechi ile ilikuwa ya mashindano, akaogopa kutuambia.

Ndipo yule mkulima wa ndizi akawageukia watu wake mwenyewe. "Na nyinyi mlijua lini kwamba huyu mtoto anachezea Voi?" Nahodha wao akababaika, kisha akasema ukweli: walijua kabla ya nusu fainali. Walinyamaza wakingoja waone kama watashinda.

Wote watatu waliamua jambo moja. Mwakio asicheze fainali. Timu ya Voi ibaki. Hakuna wa kufungiwa miaka miwili.

Fainali tulifungwa, mwanangu, na nilimlaumu mzee waziwazi. "Mzee, ungetusaidia."

Akanijibu, "Miaka yote niliyofanya kazi ya ishara, sikumpa dereva njia kwa sababu ni shemeji yangu. Ukimpa shemeji njia isiyo yake, unamzika yeye na abiria wake. Sikia. Mkulima yule alitumwa mfukuzwe wote. Kama ningekuja kuwabeba, naye angewabeba wake, na yule mwalimu asingemsikiliza yeyote kati yetu. Aliponiona nawauliza nyinyi bila huruma, ndipo akapata nguvu ya kuwauliza wa kwake. Mnadhani ni nani aliyemwokoa Mwakio?"

Mwakio alicheza msimu uliofuata, na hata tulipokwenda kucheza Taveta hakuna aliyemnyooshea kidole.

Kwa hiyo, Wakesho, jina sikupi. Wakili ndiye wa kukupigania, huyo umlipe na umwambie yote, hasa lile unaloona aibu kulisema, maana likitolewa na klabu litauma zaidi. Msuluhishi ni wa kusikiliza. Katika hiyo orodha usiangalie nani ni Mkenya. Mwambie wakili akuonyeshe anayejulikana kuwauliza vikali hata waliomchagua, kwa sababu huyo akisema una haki, yule wa katikati atamwamini. Usimpigie simu, usimtumie salamu. Hata makampuni yanayouziana bidhaa kuvuka mipaka hupeleka ugomvi wao kwa watu wa namna hii, na uamuzi ukitoka si rahisi kuupindua. Njia ya mwongo ni fupi, na huko itakatika mbele ya watu wasiokujua kabisa.

Najua unataka kucheza, na kila wiki unayokaa nje inakula ujana wako. Ndiyo maana nakuambia hivi.

Mungu akujalie watu watatu wenye masikio, akupe ulimi usioficha, na wakishasema neno lao, akurudishe uwanjani ukiwa hudaiwi maelezo na mtu. Nenda salama, mwanangu.