Hoteli Waliyoiita Kwa Kukhu

Mwezi uliopita nilikuwa Kakamega kwenye mkutano wa matayarisho ya harusi ya binamu yangu. Tulipofikia suala la chakula, mzee mmoja wa kamati akasema siku hizi hakuna anayejua kupika kuku, kisha akauliza kama kuna anayeikumbuka hoteli ya Kwa Kukhu. Ungewaona walivyochangamka. Kila mmoja alikuwa na lake: mchuzi ule, meza zile, siku baba yake alipompeleka baada ya kulipwa pesa za miwa. Mama mmoja akasema mwenye hoteli alikuwa mwanamke hodari sana, ndiye aliyekuwa Kukhu mwenyewe, na alikuwa na gari. Kukhu ni nyanya, kwa Kiluhya. Huyo Kukhu wa hoteli alikuwa nyanya yangu, aliyemzaa baba, na katika maisha yake yote hakuwahi kuwa hata na baiskeli.

Pale mkutanoni sikuweza kulisema. Wacha nikusimulie wewe.

Kabla sijazaliwa, kijana mmoja wa kijijini kwetu alifungua kibanda cha mabati karibu na soko la Kakamega, akamwomba Kukhu ampikie. Mama wa kijana huyo alikuwa amefariki yeye angali mdogo, na Kukhu alikuwa amemlea kwa namna ile watoto wa jirani walivyolelewa zamani, wakila popote walipokuta kumeiva. Alimwita Mama. Kibandani alimwambia mbele ya watu kwamba mahali pale ni pa Kukhu kama palivyo pake yeye, na Kukhu akaamini, kwa sababu mtoto uliyemlisha humwombi aape.

Kisha ikaja ile miaka ya miwa. Trekta za kuvuta matela zilipita mchana kutwa, nasi watoto tulizikimbilia kwenye mlima, pale zinapopunguza mwendo, tukachomoa miwa na kuimenya kwa meno tukielekea nyumbani, mikono ikinata. Wakulima walikuja mjini kutoka Kabras na hata Mayoni, gambuti zikiwa bado na matope ya shamba. Walinunua godoro, walinunua redio, na kabla ya kurudi walikula kuku. Kijana yule mwenye hoteli akabomoa mabati, akajenga jengo la mawe lenye madirisha makubwa ya vioo. Juu ya mlango aliandika jina la Kizungu ambalo hakuna aliyelitumia. Watu walisema, twende Kwa Kukhu.

Mimi niliishi na wazazi wangu mtaa wa Amalemba, na Kukhu aliishi nasi. Kila Ijumaa alasiri alitayarisha kuku katika jiko letu la nyuma. Aliwababua juu ya moto wa majani makavu ya mgomba mpaka ngozi ikawa na rangi ya chai ya maziwa, akawatundika juu ya moshi. Maganda makavu ya maharagwe aliyachoma, akaweka jivu katika kopo lenye matundu, akamimina maji juu yake, yakadondoka taratibu kwenye sufuria. Huo ndio munyu, chumvi ya wazee. Kila nyumba ilikuwa nayo kwa ajili ya mboga. Lakini Kukhu aliitia kwenye kuku, tena nyama ikiwa imeiva nusu, wala si mapema, kisha akafunika na hakufunua tena mpaka harufu ibadilike. Hakuipima kwa saa. Alinifundisha kuinusa. Nilikuwa na miaka tisa, na katika wajukuu wote aliniita mimi peke yangu karibu na moto.

Aliniambia, "Hii ni yako. Nikienda, utabaki nayo wewe. Usiigawe barabarani."

Jumamosi, nikishafua sare yangu ya shule, nilishuka mjini kumfuata hotelini, alikowapeleka kuku asubuhi. Nilipenda kuisikia hoteli kabla ya kuiona: vijiko, redio ya ukutani, wazee wakibishana ni nani apewe firigisi, maana firigisi ni ya mgeni wa heshima. Mimi nilikula nyuma, jikoni, obusuma, ugali wetu, wa moto na shingo ya kuku, nikimwangalia Kukhu akipangusa jasho kwa ncha ya leso. Kule mbele kwenye meza za vitambaa sikuwahi kukaa. Nilipatamani kuliko unavyoweza kufikiri.

Mwenye hoteli alikuwa ameoa mwanamke aliyesomea mapishi Nairobi. Tulimwita Anti. Alinukia manukato, alizungumza polepole, na alikuwa mtu mzima wa kwanza kuniuliza nataka kuwa nani nikikua. Jumamosi moja alinikuta kwenye mlango wa jikoni akanishika mkono.

"Njoo ukae hapa, mwanangu. Leo wewe ni mgeni wangu," akasema.

Akaniketisha kwenye meza ya dirishani. Akaniletea soda na sambusa mbili kwenye sahani ya udongo yenye maua. Watu waliopita nje waliniona. Mwalimu wangu wa darasa alipita akaniona, na nilihakikisha ameniona. Jumamosi iliyofuata Anti akaniita tena, na iliyofuata pia. Aliniambia hajajaliwa mtoto wa kike na kwamba mimi ni kama wake. Nilianza kusema moyoni kwamba nina mama wawili.

Jumamosi ya nne aliniletea firigisi. Akaketi mbele yangu, akaegemeza kidevu kwenye kiganja.

"Kukhu anawekanga nini kwa kuku? Mimi nikipika haikuwangi hivyo," akaniuliza.

Nilimwambia. Nataka ujue kwamba hakunilazimisha. Nilimwambia kwa furaha, mdomo ukiwa na firigisi, kuanzia majani ya mgomba mpaka harufu inavyobadilika. Alipouliza harufu hiyo ikoje, nilifikiri kidogo nikamwambia ni kama udongo mvua inapoanza. Alinishukuru, akanifuta mdomo kwa kitambaa chake. Jumamosi iliyofuata hakuniita. Nilisimama mlangoni nikamtabasamia, naye akanipita na vikombe mkononi kama mtu anayepita kiti.

Mwezi haukuisha, mwenye hoteli akaja kwetu Amalemba akiwa amevaa koti. Nilikuwa mezani nikifanya kazi ya shule. Alileta blanketi, majani chai na mfuko wa sukari, akaviweka juu ya kochi. Alizungumza sana kuhusu mvua na bei ya mbolea. Mwishowe akasema Mama amechoka, sasa apumzike, wao watamletea matumizi nyumbani.

Kukhu akamuuliza ni nani atakayepika.

"Mama wa watoto amejua," akasema.

"Amejua kwa nani?"

Mwenye hoteli akaangalia mikono yake. Mimi nikaangalia daftari langu. Niliandika namba ileile mara tatu. Kukhu hakunitazama, alimtazama yeye tu, kisha akamuuliza kama atakunywa chai. Akampikia chai. Mpaka leo sijui alipata wapi nguvu ya kumpikia.

Nilitumaini jambo moja: kwamba kuku wa Anti angekuwa mbaya. Niliomba hivyo kanisani. Niliona akilini jinsi wakulima wangesukuma sahani, wamuulize mwenye hoteli mpishi wao yuko wapi, na Kukhu aletwe kwa gari. Haikuwa hivyo. Watu walikuja kama kawaida, wakalamba vidole. Majirani wa Amalemba waliokuwa wakimsalimu Kukhu kwa mikono miwili walikwenda. Mwalimu wangu alikwenda. Ndipo mwenye hoteli akamwita mchoraji, akafuta lile jina la Kizungu, na ukutani akaandika kwa rangi nyekundu, Kwa Kukhu. Siku hiyo Kukhu alikuwa anatoka sokoni na kabichi kichwani. Alisimama ng'ambo ya barabara, akaniuliza pameandikwa nini, kwa kuwa hakujua kusoma. Nikamsomea. Akasema, "Haya," tukaenda nyumbani.

Baba naye. Krismasi hiyo alipata wageni kutoka kiwandani alikofanya kazi, wakubwa wake, akasema hawezi kuwalisha kwenye sebule yetu. Akatupeleka sote kule, isipokuwa Kukhu, aliyesema kichwa kinamuuma. Nilikaa kwenye zile meza nilizozitamani. Kuku alipoletwa, nilionja, na alikuwa ni yuleyule. Yuleyule kabisa. Nililia, na baba akadhani nimejiuma ulimi.

Kuanzia hapo Kukhu alipika kama watu wote wanavyopika, kwa kitunguu na nyanya. Jiko la nyuma likawa la kuni na ndoo. Sikumuuliza kwa nini, naye hakunieleza. Tulipendana, usidhani hatukupendana. Alinisuka nywele, alinisindikiza stendi nilipoanza shule ya bweni. Lakini karibu na moto hakuniita tena.

Nilimwambia nikiwa tayari nimeajiriwa. Nilikuwa nimemtembelea kijijini, alikorudi kuishi baada ya baba kustaafu, na tulikuwa tunapukusa mahindi uani. Niliyaeleza yote, soda, sambusa, dirisha, firigisi. Aliendelea kupukusa.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Mwanamke yule alinijia jikoni akasema inanukanga kama udongo wa mvua. Hayo ni maneno ya mtoto."

Nikamuuliza mbona hakunichapa, mbona hakusema lolote.

"Mtoto akipewa, anakula. Hilo sikulishika moyoni. Nilikuwa nakungoja uje uniambie. Ukamaliza darasa la saba, nikangoja. Ukaenda bweni, nikangoja." Akamimina punje kwenye ungo. "Umekuja leo nimezeeka."

Alizikwa mwaka uliofuata, mahindi yakiwa yametoa mbelewele.

Hoteli ilidumu kwa miaka kadhaa baada ya hapo. Miwa ilipoanza kukauka shambani bila wa kuichukua, wakulima waliacha kuja mjini, na vyakula vya meza za vitambaa vikakosa walaji. Mwenye hoteli aliuza jengo. Sasa wanauza simu mle ndani na muziki unapigwa mpaka barabarani. Nimewahi kujaribu kupika kuku yule, jikoni kwangu, kwa majani ya mgomba niliyoyabeba kutoka nyumbani. Najua kila hatua. Nyama inapofika nusu, mkono wangu unakataa kuutia munyu, basi nakata vitunguu, na watoto wangu wanakula, wanasema ni kitamu, na hawajui kwamba kuna kitu walichokosa.